Mti Juu ya Jiwe

Mti wangu wa kwanza ulikufa mwezi wa Julai 2021, wiki mbili baada ya mimi kuifunua mizizi yake. Haukuwa na ugonjwa, na maji haukukosa. Nilitaka tu kuona mizizi imefika wapi.

Naanza na kosa hilo kwa sababu wenzangu wanaoniona nikipita na mawe kwenye baiskeli ya toleka huniuliza nayapeleka wapi. Ninakuza bonsai. Neno hilo ni la Kijapani: bon ni chombo kipana kisicho na kina, sai ni kupanda. Mti hupandwa chomboni na kupogolewa matawi na mizizi kwa miaka mingi, mpaka ufanane na mti mkubwa wa porini ingawa unabebeka mikononi. Namna za kuukuza ni nyingi. Mimi nimeshikwa na moja, ambayo Wajapani huiita sekijoju, yaani mti juu ya jiwe. Mizizi hulikumbatia jiwe kama vidole, kisha huteremka mpaka kwenye udongo ulio chini. Jiwe halilishi mti. Mti hulishika jiwe, lakini chakula chake kiko chini.

Hapa Kisangani si lazima kwenda mbali kuona jambo hilo. Ndege na popo hula matunda ya miti ya jamii ya mkuyu na kuacha mbegu juu ya kuta na katika matawi ya miti mingine. Mche huota huko juu, kisha huteremsha mizizi taratibu mpaka ardhini. Ukuta wa nyumba yetu kule Kabondo ulipata ufa mwezi wa Juni 2000, katika vita vya siku sita. Mimi nilizaliwa miezi michache baadaye. Karibu kila mwaka mche huota katika ufa ule, na Papa huung'oa ili usiupasue ukuta zaidi. Mwaka 2021 nilimwomba asiutupe.

Jiwe nililitoa kwa Koko, mama yake Mama, anayekaa karibu na maporomoko ya Wagenia. Sisi watu wa mji tunasema Wagenia, kwa kiambishi wa- cha Kiswahili. Wenyewe hujiita Enya, na lugha yao ni D14 katika orodha ya Guthrie. Noko wangu ni mvuvi huko. Wavuvi husimika nguzo ndefu za miti katika mashimo ya miamba, huzifunga kwa kamba za porini, kisha huning'iniza vikapu vyenye mdomo mpana katikati ya maji yanayokimbia. Mti mkavu hushikiliwa na jiwe, mto wote ukiusukuma.

Mche wangu niliufunga juu ya jiwe kwa waya, nikaufukia mpaka shingoni. Baada ya miezi mitano uvumilivu ulikwisha. Niliondoa udongo wote kwa siku moja. Mizizi ilikuwa myembamba na myeupe kama nyuzi, na waya ulikuwa umekwisha kuikata mahali pawili. Jua likamaliza kazi.

Mwaka ule ule nilianza kumhoji Koko kwa ajili ya masomo. Nilikuwa na orodha ya maneno mia mbili, na simu ya kurekodi. Mkono unaitwaje? Damu je? Jivu je? Alijibu maneno arobaini hivi, akanyamaza, kisha akasema: “Mutoto yangu, unaniuliza sawa polisi.” Tangu siku hiyo kila swali langu alilijibu kwa Kiswahili, hata lile lililouliza Kiswahili kinasemaje kwa Kienya. Sikumlaumu. Kiswahili na Lingala ndizo lugha alizotulelea. Nilikwenda kwake kuchukua kitu ambacho sikuwahi kukaa naye ndani yake.

Mwaka 2022 nilirudi na mche mwingine. Safari hii niliukuza kwanza katika kopo refu na jembamba ili mizizi irefuke, nikaukata mzizi mkuu, nikauosha udongo. Noko alipouona waya alicheka. “Kamba ishike, isikate,” akasema, akaniletea mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, uliopasuliwa vipande virefu. Mpira huvutika kadiri mizizi inavyonenepa. Koko alilishika jiwe kwa mikono miwili, mimi nikapanga mizizi katika mifereji yake, Noko akafunga. Walikuwa wakisemezana Kienya juu ya kichwa changu: geuza, inua, acha. Wakabishana juu ya neno la shimo ambamo nguzo husimama, kila mmoja akishikilia lake. Neno hilo halikuwamo katika orodha yangu. Simu ilikuwa mfukoni, imezimwa.

Usiku niliandika maneno saba niliyoyakumbuka. Asubuhi nilimsomea Koko. Alisahihisha matano, huku akicheka mpaka akashika ubavu.

Darasani tunafundishwa kuutafuta mzizi wa neno. Tunachukua alikipiga, tunaondoa a-, -li-, -ki- na -a ya mwisho, inabaki -pig-. Naipenda kazi hiyo na nitaendelea kuifanya. Lakini hakuna mtu anayesema -pig- sokoni. Orodha yangu ya kwanza ilikuwa hivyo: nilitaka mzizi mtupu, upesi, bila udongo ulioushika.

Ningependa kumalizia hapo, kwamba subira ndiyo dawa. Lakini mti unaweza kunisubiri miaka kumi, na Koko hawezi. Sikio lake la kushoto limeanza kufa. Msimamizi wangu anataka orodha kamili kabla ya mwisho wa mwezi wa tano, na ana haki, kwa kuwa kazi isiyo na data haiteteleki. Kwa hiyo nimechagua njia ya katikati, na sijui kama itanitosha. Kila Jumamosi nakwenda wanakotengeneza vikapu. Simu naiweka wazi, kwa ruhusa yao, na mimi nashika kamba ninapoambiwa nishike. Orodha sitoi. Maneno huja machache, ila huja yakiwa na watu wake. Huenda nikatetea kazi pungufu.

Mti wa pili umekaa ardhini misimu mitatu ya mvua. Kila baada ya miezi michache napunguza udongo kwa upana wa kidole, basi. Jumamosi iliyopita mzizi wa kwanza ulionekana vizuri: una gamba la kahawia, umelala katika mfereji wa jiwe, na kucha haiingii kati yao. Niliupakia kwenye toleka, nikaushika magotini njia nzima. Koko aliupapasa kwa kidole gumba, akasema neno moja. Sikulisikia vizuri, nikamwomba arudie.

“Sasa wewe ndio kiziwi,” akasema, akarudia.

Nimeliandika. Ni neno la mia moja na kumi na saba.