Haki ya Jirani wa Chini ya Mto

Tulifika Pangani baada ya swala ya Alasiri, maji yakijaa. Kivuko kilikuwa kikivusha watu na baiskeli kwenda Bweni, nasi, wajumbe wanne wa kamati ya msikiti kutoka Moshi, tulisimama ukingoni tukiutazama mto ambao vyanzo vyake viko kwetu. Maji yale huteremka kutoka Kilimanjaro na Meru, hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hupita Korogwe na Hale hadi Bahari ya Hindi. Sisi tunaishi juu; wenyeji wetu wanaishi chini.

Kesho yake mwenyeji wetu, mzee mkulima, alitupandisha kwa mashua hadi kwenye shamba lake la minazi na mipopoo. Alichota maji ya mto kwa kata, akatupa tuonje. Yalikuwa ya chumvi.

"Wanangu," alisema, "babu yangu alikunywa maji ya hapa. Mimi kiangazi siwezi hata kunyweshea mchicha."

Sababu yake inafahamika. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mto. Bahari inapojaa, hupenya chini ya maji matamu na kupanda bara. Kinachoyarudisha ni nguvu ya mto. Mto ukidhoofu, chumvi husonga mbele. Na Pangani umedhoofu, kwani huku juu mashamba ya mpunga, miwa, migomba na mboga huchukua maji mengi, na mifereji ya udongo huyapoteza mengine njiani. Misitu ikikatwa, mvua hutiririka kwa kasi bila kuzama ardhini, na mto hukosa akiba ya kiangazi. Hata yale yanayorudi mtoni kutoka mashambani hayarudi kama yalivyokuwa: jua hukausha maji na kuacha chumvi udongoni, na maji yanayofuata huisomba.

Tulikumbuka darasa la hadithi chuoni. Az-Zubayr bin al-Awwam (r.a.) na mtu wa Ansari waligombania mfereji wa Harra, Madina. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza anyweshe, kisha amwachie jirani yake maji. Wanachuoni wakachukua humo kanuni: wa juu hutangulia, lakini akitosheka humfungulia wa chini. Siku zote tulimdhani jirani huyo ni wa shamba la pili. Hatukumdhani kuwa ni mzee wa Pangani.

Alipojua tunakotoka, mzee hakutulaumu. Aliuliza tu, "Huko juu mvua zimekuwaje?" Tuliona haya, kwa sababu shamba la waqfu la msikiti wetu hunyweshwa kwa mfereji unaoachwa wazi usiku kucha, hata mboga zikiwa zimeshiba.

Tuliporudi, kamati ilikubaliana kwamba kila zamu ya maji iwe na mtu wa kuufunga mfereji, na kwamba miti ipandwe kandokando yake. Hatudhani kwamba mfereji mmoja utaisukuma bahari. Lakini ndugu wasomaji, mto hupungua kwa mifereji mingi, kila mmoja na mwenyewe, na kila mwenyewe ataulizwa juu ya mfereji wake. Sisi tumeanza na wetu.