Hasara Si Kosa

Kijana mmoja wa hapa Karatu, mwandishi wa programu za kompyuta, ameniuliza aipe jina gani la Kiswahili ile namba inayoiongoza kompyuta inapojifunza bila mwalimu. Waingereza huiita loss. Katika maktaba ya programu ya PyTorch desturi imekwisha kuwekwa: majina ya vipimo hivyo huishia kwa neno hilo, na namba ikipungua ni dalili ya kujifunza. Hata kipimo cha mfanano, ambacho kwa asili hupanda mambo yanapokuwa mema, hugeuzwa ili kifuate mkondo huo. Mshairi hatashangaa, vina na mizani navyo ni mapatano, ndiyo maana shairi huweza kujibiwa na mtu asiyemjua mtunzi.

Kijana alipendekeza “kosa”. Nilimkatalia.

Tuitazame kazi yenyewe. Mfumo wa BERT, uliotolewa na Google mwaka 2018, ulifunzwa kwa kufichwa asilimia 15 ya vipande vya maneno ili uvikisie, mithili ya zoezi letu la kujaza nafasi. Ukilipa neno lililofichwa uwezekano wa nusu, namba huwa kama 0.69, ukilipa sehemu moja ya mia, hupanda hadi kama 4.6.

Sasa mfumo uliolelewa na habari za magazeti ukutane na mshororo wenye “mato” badala ya “macho”. Namba itapanda. Nani amekosa? Mtunzi hakukosa, wala lahaja yake. Vivyo hivyo mtoto wa Karatu aliyelelewa kwa Kiiraqw, au wa Ngorongoro aliyelelewa kwa Kimaasai, akikwama kwenye neno la Kiswahili asilopata kulisikia nyumbani, mwalimu mwema hupima umbali uliobaki; hahukumu.

“Hasara” ni neno la sokoni: hulinganisha kilichotarajiwa na kilichopatikana, basi. “Kosa” hudai kusahihishwa, na tukizoea jina hilo, kesho “mato” yatafutwa kwa jina la usahihi.

Neno moja zaidi. Kiingereza huweka neno kuu mwisho, Kiswahili hulitanguliza. Tusiige mpangilio wao. Na iwe HasaraMfanano, HasaraUkisiaji. Katika orodha ya alfabeti vipimo vyote vitasimama pamoja chini ya H, kama ndugu wa ukoo mmoja.