Madhara, Athari, Maudhi

Nilipoacha chaki nikaingia kwenye kazi ya kufasiri, ugonjwa wa kwanza kunipa ugali ulikuwa usubi. Huku Rungwe ugonjwa huo hauhitaji utambulisho. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka kwa kasi kutoka milimani kwenda Ziwa Nyasa, na kwenye maji ya kasi ndiko anakozaliana yule nzi mdogo mweusi anayeng'ata mchana kweupe. Ndiyo maana Tukuyu yetu hutajwa pamoja na Mahenge na Ruvuma kila wanapozungumzia usubi nchini.

Karatasi zilikuja kwa Kiingereza: mwongozo wa wagawa dawa wa vijijini, madodoso, fomu za ridhaa za watafiti. Nilizifasiri kwenye chumba cha kupanga, mvua ya Tukuyu ikipiga bati mpaka redio haisikiki.

Jina lenyewe la ugonjwa lilizua ubishi. Waingereza huuita upofu wa mtoni, na ofisi moja ilitaka tuandike hivyo hivyo, "upofu wa mto". Nilikataa. Wengi wenye usubi wanaona vizuri tu. Kinachowatesa ni ngozi, kujikuna usiku kucha mpaka damu. Mwambie mtu anayekuona kwamba una dawa ya upofu wake, atakuaga kwa heshima na kwenda shambani. Likabaki "usubi", ingawa nalo lina kasoro yake, kwa kuwa mdudu na ugonjwa wote wanaitwa hivyo. "Usubi huenezwa na usubi" ni sentensi sahihi kabisa ya Kiswahili, na haifai kitu.

Lakini kazi hasa ilikuwa kwenye yale yanayompata mtu baada ya kumeza dawa. Dawa ni ivermectin, ambayo kampuni ya Merck iliahidi mwaka 1987 kuitoa bure kwa muda wote itakapohitajika. Inaua minyoo wachanga waliotapakaa kwenye ngozi. Wazazi wao hubaki ndani ya vinundu, na huweza kuishi zaidi ya miaka kumi wakizaa. Kwa hiyo dawa hurudiwa mwaka baada ya mwaka. Minyoo wachanga wakifa kwa wingi, mwili unalalamika: muwasho unazidi, uso unavimba, homa inapanda, kichwa kinazunguka. Aliyejaa minyoo ndiye dawa humsumbua zaidi, na ndiye anayeihitaji kuliko wote.

Sasa uyaite nini hayo? Wafasiri wengi huandika "madhara" bila kufikiri mara mbili. Lakini madhara ni ya gongo na ya sigara. Mtu akisikia dawa ya serikali ina madhara, keshaelewa kwamba amepewa sumu. "Athari" wasomi wanaipenda, na kwa asili haina ubaya, ni alama tu inayoachwa na jambo. Ila redio imeiharibu: athari za mafuriko, athari za vita, athari za ukame. Sijawahi kusikia mtu akitaja athari za mshahara mpya. Tena kuna "maudhi madogo madogo", ambayo manesi wa uzazi wa mpango wameyazoesha masikio ya watu. Hayo yanatuliza, na kwa kinywa cha nesi yanafaa sana. Kwenye karatasi niliyaogopa. Aliyevimba uso mpaka macho yamefumba, akikumbuka kwamba aliambiwa ni maudhi tu, ataona aibu kwenda zahanati.

Rasimu niliipeleka kwa wagawa dawa, maana wao ndio wanaosimama mbele ya watu na ile fimbo ya kupimia urefu. Ukifika alama ya sentimita 90 unapata kidonge kimoja, 120 viwili, 141 vitatu, na kuanzia 159 vinne. Mama mmoja wa makamo, mgawa dawa wa siku nyingi, aliisoma yote akanirudishia.

"Mwalimu, mimi nawaambia dawa imeingia kupigana na minyoo. Ukiwashwa kesho, ujue vita imeanza. Ukivimba uso au ukianguka, njoo unigongee hata usiku."

Katika mwongozo nikayatupa majina yote matatu. Niliandika "Unayoweza kuyasikia mwilini baada ya kumeza dawa", kisha chini yake, "Nenda zahanati haraka ukiona haya". Kwenye fomu ya ridhaa nikaacha "madhara" palepale, tena kwa makusudi. Anayeombwa akubali kutolewa kipande cha ngozi kwa ajili ya utafiti ana haki ya kulisikia neno zito kabla ya kutia dole gumba. Mhakiki alitaka neno moja nyaraka zote, kwa ajili ya ulinganifu. Tulivutana kwa simu, mwisho akachoka yeye.

Fungu la "Wasiostahili kumeza dawa" halikuchukua muda. Wamo humo wajawazito, aliyejifungua ndani ya wiki ile, na mtoto asiyefika ile alama ya kwanza ya fimbo. Mjamzito asistahili kwa kosa gani? Nikaandika "wasiomeza kwa sasa".

Wizara ya Afya nayo ilikuwa na lake. Usubi, matende na mabusha, kichocho, trakoma na minyoo ya tumbo yaliwekwa kwenye kapu la "magonjwa yasiyopewa kipaumbele", jina ambalo lilitaka kuleta kicheko kila lilipotamkwa na ofisa anayelipwa kuyapa kipaumbele. Baadaye yakawa "magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele", na serikali ikajinasua kwa kubadilisha wakati wa kitenzi. Niliagizwa kusahihisha nyaraka zote za nyuma. Malipo yalikuwa kwa ukurasa, sikubisha.