Rasimu za Chuma

Haraka haraka haina baraka, walinena wahenga. Upo mchezo uliojengwa juu ya kuijaribu methali hiyo. Mlengaji hukimbia na bastola mkononi, shabaha hadi shabaha, kisha alama zake hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Mwenye pupa hukosa shabaha. Mwenye kusita huliwa na saa. Shirikisho la mchezo huo, IPSC, liliasisiwa mwaka 1976 mjini Columbia, Missouri, nchini Marekani, na kaulimbiu yake ya Kilatini ni maneno matatu: umakini, nguvu na kasi.

Watatu hao hawakai pamoja kwa amani. Nguvu huunyanyua mtutu kila risasi itokapo, na mtutu ulionyanyuka huchelewesha risasi ifuatayo. Hapo ndipo mafundi walipoingia karakana. Waliichukua bastola ya John Browning, iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911, wakaifunga mdomoni kipande cha chuma chenye matundu yanayorusha gesi juu, ili msukumo wake uukandamize mtutu chini. Wengine wakaipandishia lenzi yenye nukta nyekundu. Mwaka 1990, huko Adelaide, Australia, Doug Koenig alitwaa ubingwa wa dunia kwa bastola yenye nukta hiyo.

Bastola za majaribio za zama hizo sasa hutafutwa na wakusanyaji. Hawatafuti kasi, maana zilizofuata zimekwisha kuzipita. Wanatafuta mkono wa fundi: mkwaruzo wa tupa, tundu lililotobolewa kisha likazibwa. Ni kama rasimu ya shairi, ambamo neno lililofutwa huonyesha mahali mshairi aliposita. Diwani iliyochapwa hulificha hilo.

Lakini karatasi haitoi roho ya mtu. Bastola hizi ni za ukoo wa vita. Jeff Cooper, rais wa kwanza wa IPSC, aliwahi kuwa afisa wa kikosi cha wanamaji. Mchezo wenyewe umeutambua uzito huo, ukabuni shabaha isiyo na kichwa ili isifanane mno na mwanadamu. Mkusanyaji aiwekaye silaha kabatini, tupu, akaisoma kazi ya fundi, huusogeza mwendo huo hatua moja mbele, mradi asisahau ameshika nini. Chuma kilichoundwa kwa ajili ya sekunde hatimaye kimepata utulivu. Na katika utulivu huo, huenda baraka ikapatikana.