Mawifi Wawili Juu ya Baiskeli



Sisi tunaoandika makala haya ni mawifi wawili. Mmoja wetu ni mjane wa marehemu, na wa pili ni dada wa marehemu huyo huyo. Tumekubaliana kuandika kwa kauli moja, na wanaotujua watastaajabu kusikia hivyo, kwani kwa muda wa miaka miwili hatukuwa tukisemezana ila kupitia vinywa vya watu, hata siku za Idi.

Sababu ilikuwa nyumba. Mzee wetu alipofariki aliacha nyumba moja ya mawe katika Mji wa Kale wa Mombasa, na warithi wawili, mwana na binti. Mkewe alikwisha kumtangulia. Mirathi haikugawanywa. Kila mmoja aliona haya kuitaja, kana kwamba kutaja haki ni kumkosea marehemu. Mwana akaendelea kukaa humo na mkewe na watoto wake. Binti alikuwa kwa mumewe, Malindi. Mwana naye alipoitika wito wa Mola wake, haya zikatoweka kwa siku moja. Dada akadai theluthi yake. Mjane, ambaye eda yake haijakwisha, akaona anasukumwa mlangoni na watoto wake. Maneno yaliyosemwa wakati ule hatutayarudia hapa.

Kijana wetu, ambaye kwa mmoja wetu ni mwana wa kuzaa na kwa mwingine ni mtoto wa kaka, anafanya kazi katika mji wa Granada, Uhispania. Alimwalika kila mmoja wetu kwa siri, bila kumwambia kuwa mwenzake naye ataitwa. Tulionana katika foleni ya uwanja wa ndege, kila mtu na sanduku lake. Hapakuwa na pa kurudi. Tulisalimiana kwa ajili ya watu, kisha tukakaa viti vya mbali.

Granada tulipokelewa vyema. Mtaa wa Albaicín, wenye vichochoro vyembamba na nyumba nyeupe, ulitukumbusha kwetu. Juu yake upo msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, baada ya takriban karne tano bila msikiti mpya mjini humo, na uani mwake mtu husimama akaitazama Alhambra ng'ambo ya bonde. Hapo kijana alitupa habari moja iliyotufurahisha. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331 na kuwasifu watu wake kwa dini yao, alifika Granada mwaka 1350. Humo alikutana na kijana wa mji huo, Ibn Juzayy, ambaye baadaye ndiye aliyeandika safari zake alizomsimulia. Kwa hiyo habari za mji wetu ziliandikwa kitabuni kwa mkono wa mtu wa Granada.

Baada ya siku mbili kijana akatufunulia mpango wake. Tungekwenda Jaén kwa basi, tukakodi baiskeli, na kufuata njia ya reli ya zamani mpaka Puente Genil, kilomita 128, kwa siku nne. Treni zilizopita hapo zilikuwa zikibeba mafuta ya zeituni, na hata leo njia hiyo inaitwa kwa jina la mafuta. Zilikoma katika miaka ya 1980, kisha vyuma vikang'olewa, ikawa njia ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Kwa kuwa gari moshi haliwezi kupanda mlima mkali, njia hiyo haina miinuko ya kumtoa mtu roho. Aidha, baiskeli zetu zilikuwa na mota ndogo ya umeme ya kumsaidia mwenye kukanyaga. Tulisema sisi ni watu wazima, tutachekwa. Akajibu: “Nani atakayewacheka, mama, na hapa hakuna anayewajua?”

Wasomaji wetu watauliza habari ya mavazi. Buibui halifai, kwani mnyororo huula ushungi na upindo bila huruma. Tulivaa suruali pana zilizofungwa vifundoni, magauni ya kufika magotini juu yake, na mitandio iliyobanwa kwa pini chini ya kofia za kinga. Kijana ndiye mahramu wetu sote wawili, naye alitangulia mbele kama nahodha.

Tulitoka baada ya swala ya Alfajiri, ingawa huko mwezi wa Septemba jua huchelewa kuchomoza mpaka karibu saa mbili za asubuhi. Kutoka Jaén mizeituni huanza, wala haimaliziki. Mkoa ule hutoa mafuta ya zeituni kuliko mkoa mwingine wowote duniani, na macho huamini hayo mapema: safu kwa safu, kilima baada ya kilima. Tulipita Martos, tukalala Alcaudete chini ya ngome yake. Siku hiyo ya kwanza tulizungumza na kijana tu. Alipokuwa mbali, tulinyamaza.

Siku ya pili tulifika daraja la chuma juu ya mto Guadajoz, mpakani mwa mikoa ya Jaén na Córdoba. Ni daraja refu, la zama za reli yenyewe, na chini yake bonde. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka ubavuni. Mmoja wetu, mjane, alianza kuyumba. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye gurudumu la mbele, na baiskeli ikaelekea kwenye vyuma vya pembeni. Dada aliyekuwa nyuma akapaza sauti: “Usitazame gurudumu! Tazama unakokwenda!”

Baiskeli ikanyooka. Tulipovuka, mjane akashuka, akasimama akimsubiri mwenzake. “Nani aliyekufundisha maneno hayo?” akauliza. Ndilo swali la kwanza alilomwuliza wifi yake kwa miaka miwili.

Jibu tulilijua sote kabla halijatoka kinywani. Kaka alimfundisha dada yake baiskeli utotoni, nyuma ya nyumba ile ile, baada ya Alasiri, mama akichungulia dirishani asije mtu akaona. Miaka mingi baadaye alimfundisha mkewe ufukweni, kabla jua halijapanda, nao wakiwa maarusi. Kila mmoja wetu alidhani hiyo ni siri yake peke yake na marehemu. Kwa wote wawili alikuwa akikimbia nyuma ameshika kiti, na kwa wote wawili aliachia mkono bila kusema. Tulikaa kando ya njia, tukalia. Kijana alirudi mbio akidhani mmoja ameanguka. Alipotuona, aligeuka akaanza kukagua pancha ambayo haikuwapo.

Jioni ile tulipanda mpaka Zuheros, kijiji cheupe chenye ngome iliyokaa juu ya jabali kama tai. Siku ya tatu mizabibu ikaanza kuonekana kati ya mizeituni, kwani tuliingia nchi ya Montilla na Moriles, inayojulikana kwa mvinyo wake. Mavuno huko huanza mapema, tangu Agosti. Zabibu za aina iitwayo Pedro Ximénez huanikwa juani juu ya mikeka, zikageuzwa kwa mkono mpaka zikanyauke. Tulipoziona tulifurahi kama watoto, maana harufu ilikuwa ya zabibu kavu za pilau. Kisha tukaelezwa kuwa hazikusudiwi kuliwa. Hukamuliwa zikawa mvinyo mtamu.

Huko Doña Mencía, mama mwenye nyumba ya wageni alituwekea mezani chupa ya mvinyo na bilauri, zawadi ya nyumba, kwa moyo safi. Kijana alimweleza kwa adabu. Yule mama aliona haya kuliko sisi, akaiondoa chupa upesi, akaleta maji ya zabibu ambayo hayajachacha, ambayo wao huyaita mosto. Akatusagia nyanya kwa mkate, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, chakula baridi kiitwacho salmorejo, akaacha kuweka nyama ya nguruwe juu yake kama ilivyo desturi yao. Tulikula tukashiba. Tukazungumza usiku ule juu ya tunda lile: Mwenyezi Mungu ametaja zeituni na zabibu katika Kitabu chake kuwa ni neema, na tunda halina kosa, binadamu ndiye anayelifanya chakula au kilevi. Hatukuitaja nyumba ya Mji wa Kale, lakini kila mmoja alijua kuwa mwenzake anaifikiria.

Yule mama alitufurahisha pia kwa maneno yake. Mtu asiyetajwa jina, kwao ni fulano. Kwetu ni fulani. Zafarani ni azafrán, sukari ni azúcar, na mkuu wa mji huitwa alcalde, neno lililotokana na kadhi. Akitamani jambo husema ojalá, mabaki ya maneno ya Kiarabu ya kumtaja Mwenyezi Mungu na mapenzi yake. Waislamu wa nchi ile walifukuzwa kwa amri ya mfalme kuanzia mwaka 1609, lakini ndimi zao zilibaki vinywani mwa waliobaki.

Siku ya nne tulisimama Lucena, mji uliokuwa mashuhuri kwa wanazuoni wa Kiyahudi katika zama za utawala wa Waislamu. Upo humo mnara alimofungwa Abu Abdillah, mfalme wa mwisho wa Granada, ambaye Wahispania humwita Boabdil, alipotekwa vitani mwaka 1483. Kijana alitusimulia kisa chake. Alikuwa akigombana na babake mzazi juu ya kiti cha ufalme, kisha akagombana na ami yake. Maadui zake walipomteka hawakumwua. Walifanya naye mkataba wakamwachilia, kwani walijua akirudi nyumbani vita vya ndugu vitaendelea, na kazi yao itakuwa nyepesi. Ikawa hivyo. Tarehe 2 Januari 1492 Granada ilikabidhiwa.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Tulikuwa tukilisikia neno hilo tangu utoto, na kila tuliposikia tulidhani linawahusu wengine. Chini ya mnara ule dada alisema: “Wifi, mimi sikutaka utoke. Nilitaka haki yangu itajwe.” Mjane akajibu: “Nami sikutaka kuila. Niliogopa kulala nje na watoto.” Miaka miwili ya hasira ilikuwa imekaa juu ya sentensi mbili ambazo hakuna aliyezitamka.

Tulimaliza Puente Genil jua likiwa kali, tukarudisha baiskeli, tukaenda Córdoba kwa treni. Msikiti wake mkuu ulianzishwa na Abdurrahman wa Kwanza katika karne ya 8, na tangu mji ulipotekwa mwaka 1236 umekuwa kanisa. Msitu wa nguzo umesimama bado, na matao yake mekundu na meupe, na mihrabu yake ya dhahabu. Swala ya Waislamu hairuhusiwi humo, na walinzi wapo. Tulisimama mbele ya mihrabu, mikono imeteremka, tukaomba moyoni. Tuliporudi chumbani kijana akatusalisha Adhuhuri na Alasiri, swala za msafiri. Tulisimama nyuma yake bega kwa bega, mawifi wawili, safu moja.

Tuliporudi Mombasa tulikwenda pamoja kwa kadhi. Theluthi ya nyumba ni ya dada. Theluthi mbili za marehemu ziligawanywa: thumuni kwa mjane, na kilichobaki kwa watoto, mwana sehemu mbili, binti sehemu moja. Dada ameridhia kwa hiari yake kuwa nyumba haitauzwa mpaka binti mdogo amalize masomo. Chumba cha chini kinapangishwa, naye hupokea kodi yake. Yote yameandikwa. Hatusemi kuwa kila neno la zamani limesahauliwa. Yapo ambayo bado huuma yakikumbukwa. Lakini Ijumaa tunakula sinia moja.

Ndugu zetu wasomaji, kama iko nyumbani kwenu mirathi iliyolala kwa sababu ya haya, igawanyeni wangali hai wanaopendana. Haki haimkosei marehemu. Kinachomkosea ni watoto wake kutosalimiana mlangoni kwake.

Na baiskeli moja tumenunua, ya kutumia wawili kwa zamu. Binti mdogo anaanza kujifunza, nyuma ya nyumba, baada ya Alasiri.

Wabillahi tawfiq.