Barua kutoka Ontario: Mita Tatu za Mama Mmoja

Dada yangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umesema mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na kwamba wakala mmoja hapo mjini amewaahidi kuwa akija Kanada kusomea kinesiolojia, baada ya miaka minne atakuwa mtaalamu wa fiziotherapia. Msimlipe bado. Kazi hii ya kinesiolojia ninayoifanya naipenda, sitaki mtoto aingizwe kwa uongo.

Juzi asubuhi alikuja kliniki mama wa miaka 82 aliyeanguka bafuni mwezi uliopita. Nikamketisha kwenye kiti chenye mikono, nikaweka alama sakafuni mita tatu mbele yake, nikashika saa. Ainuke, atembee hadi kwenye alama kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi, aketi. Anayechukua sekunde 12 au zaidi tunamhofia kuanguka. Yeye alichukua 19. Ila mengi niliyoyapata hayakuwa kwenye saa. Hakuinuka mpaka aliposukuma mikono ya kiti, maana mapaja yamelegea. Kwenye kugeuka alipiga vihatua vidogo, sita au saba, macho chini. Kabla hajaketi nilishajua tuanzie wapi: kuinuka na kuketi, kila siku, mpaka aweze kuinuka bila kushika kitu.

Nikamkumbuka Bibi na mkeka wake. Umri ulikuwa karibu huo huo, naye aliinuka kutoka chini kwa kuweka mkono mmoja gotini, basi. Kila siku, mara ngapi sijui, alikuwa akifanya zoezi ambalo mimi huku nalipwa kulifundisha.

Basi ndiyo kinesiolojia: elimu ya mwili unavyotembea, unavyobeba, unavyochoka na unavyopona. Chuo Kikuu cha Waterloo, hapa hapa Ontario, kilianzisha idara yake mwaka 1967, ya kwanza duniani kwa jina hilo. Mpwa wangu asidhani ni michezo tu. Atasoma anatomia, fiziolojia, takwimu, ubongo unavyoamrisha misuli, na fizikia nyingi, kwa kuwa goti nalo ni nyenzo. Aliyekuwa anaikwepa fizikia ataumia.

Kazi zipo. Wenzangu wengine wanawafanyisha mazoezi wagonjwa waliotoka kutibiwa moyo. Wengine wako viwandani, wanapima mfanyakazi anainama mara ngapi na meza ipandishwe kiasi gani ili mgongo wake usiharibike. Wapo walio na timu za michezo. Lakini hapa Ontario, tangu Aprili 2013, huwezi kujiita mkinesiolojia kwa cheti cha chuo peke yake. Unafanya mtihani na kusajiliwa na bodi ya taaluma.

Na sasa lile ambalo wakala hakuwaambia. Fiziotherapia Kanada inasomwa kwa shahada ya uzamili, baada ya hiyo miaka minne. Nafasi zinagombaniwa vikali, halafu kuna leseni. Miaka yote hiyo mwanafunzi wa kigeni hulipa ada mara kadhaa ya ile ya mwenyeji. Nimewaona vijana wetu wakigundua haya wakiwa mwaka wa tatu, shamba la baba limeshauzwa. Inaniuma kila mara.

Kama moyo wake uko kwenye fiziotherapia, aanze kuulizia Moshi, pale hospitali ya KCMC. Hapo hapo kuna chuo cha TATCOT, wanakojifunza kutengeneza viungo bandia vijana kutoka nchi nyingi za Afrika. Kama ni mwendo wenyewe unaomvutia, viwandani, uwanjani, kwa wazee, basi tuzungumze kuhusu huku, na nitamsaidia kwa nguvu zangu zote.

Anipigie Jumapili, saa tatu usiku ya kwenu. Kabla hajapiga, amtazame shemeji akiinuka kwenye kochi, na mgongo wake ule wa miaka mingi juu ya bodaboda. Asimsaidie. Anieleze tu: ametanguliza mguu upi, ameshika wapi, na uso ulikuwaje.