Betri Nzima, Simu Imekufa

Jumatatu, 24 Februari 2025

Leo simu imeganda mbele ya mama wote wa likelemba, chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu. Zamu ya kupokea ilikuwa ya mama anayeuza mikate. Mwenzetu mmoja alisema mchango wake aliutuma kwa M-Pesa tangu Ijumaa, na kwa kuwa hesabu ninatunza mimi, nikatakiwa kuutoa ule ujumbe wauone. Nilipougusa, kioo kikawa cheupe, yakatokea maneno kwamba programu haijibu: nisubiri au niifunge? Nikachagua kusubiri. Simu ikajizima. Ilipowaka tena ikaniambia nafasi imejaa, hakuna ujumbe utakaoingia mpaka nifute vitu.

Hakuna aliyesema neno baya. Lakini mama wa mikate alizihesabu noti zake upya, moja moja, akizilaza juu ya kitenge, na yule mwenzetu akakaa kimya mpaka mwisho. Likelemba hii waliianzisha wake wa wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mama yangu akiwemo, nyakati ambazo mishahara ilikuwa haitoki. Imeishi miaka yote kwa daftari na kalamu. Tulihamia kwenye simu kwa sababu pesa yenyewe ilihamia huko. Sitaki ivunjike mikononi mwangu.

Jioni mtoto wa dada yangu alipita, uso umekunjamana. Serikali ya Kongo imesimamisha kupeleka kobalti nje kwa miezi 4, kuanzia Jumamosi tarehe 22, maana bei imeanguka vibaya tangu ilipokuwa juu mwaka 2022. Yeye huchimba na wenzake na kuuza Musompo, kwenye soko la madini. Aliuliza kama katazo hilo litawagusa wao wadogo. Nikamwambia mnunuzi asiyeweza kusafirisha hawezi kununua kama jana. Alikuwa anajua tayari.

Alhamisi, 6 Machi 2025

Nimemaliza kipindi cha mwisho shuleni, nikapita sokoni kwa fundi wa simu. Umeme ulikuwa hakuna tangu alfajiri, anafanya kazi kwa paneli ya sola iliyofungwa juu ya bati.

Nilikwenda nikiwa na hakika kwamba shida ni betri. Alipasha moto kingo za simu kwa hewa ya mashine, akapenyeza kipande chembamba cha plastiki, akakizungusha taratibu mpaka mgongo ukaachia. Akaitoa betri, akailaza juu ya kipande cha kioo, akaisukuma pembeni kwa kidole. Betri iliyochoka mara nyingi huvimba katikati, ukiigusa inazunguka kama pia. Yangu ilisogea kidogo ikatulia. Akagusisha ncha mbili za kipimo: volti 3.9.

"Mama, betri iko muzima," akaniambia. "Njo sisteme yenye ilikufa."

Akanieleza huku akiirudisha. Simu ina gigabaiti 16, na karibu nusu ya hizo imeshikwa na mfumo wenyewe tangu siku niliyoinunua. Kila programu inaponenepa, nafasi inapungua. Kiwanda kiliacha zamani kutuma masasisho, kwa hiyo Android iliyomo ni ya zamani, na programu za leo zinatengenezwa zikitegemea simu zenye nguvu mara mbili au tatu. Anaweza kuifuta yote ianze upya. Itakwenda vizuri majuma machache, halafu itarudi palepale. Yeye mwenyewe hakunishauri nimlipe kwa kazi hiyo, nami namheshimu kwa hilo.

Jumapili, 16 Machi 2025

Tangu siku ile maneno ya fundi hayanitoki.

Nafundisha kemia. Kila mwaka nachora ubaoni betri ya lithiamu: upande mmoja grafiti, upande wa pili lithiamu, kobalti na oksijeni, na katikati ioni zinazokwenda na kurudi. Nawaambia wanafunzi kwamba mchanganyiko ule wa kobalti ulionekana kufaa mwaka 1980, Oxford, katika kazi ya John Goodenough na wenzake. Kwamba Sony ilianza kuuza betri hizo mwaka 1991. Kwamba mwaka 2019 Goodenough, Whittingham na Yoshino walipewa tuzo ya Nobel kwa ajili ya betri hizo. Kisha nawaambia kwamba zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na sehemu kubwa inatoka hapa Lualaba. Hapo darasa zima huinua vichwa. Hawahitaji picha. Wengi wao wamewaona mama zao wameinama kwenye maji ya Ziwa Malo wakiosha mawe, na wengine waliyaosha wenyewe kabla ya kurudi shule.

Sasa basi: katika simu yangu kuna gramu chache za kitu hicho. Huenda mtu aliteremka shimoni kwa kamba akakitoa. Wengine hawatoki: tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka kwenye mgodi wa KOV, hapa karibu, serikali ikatangaza watu 43 waliokufa. Gramu zile zilizomo kwenye betri yangu bado zinafanya kazi yake sawasawa, fundi amezipima nikiona. Kilichoharibika ni maandishi tu, amri zilizoandikwa na watu waliokaa mbele ya meza, na wangeweza kuendelea kuzirekebisha wangetaka. Hili linaniuma kuliko pesa nitakayotoa. Kitu kigumu kupatikana kinatupwa kwa sababu ya kitu rahisi kutengenezwa.

Halafu kuna suala la usalama. Mwaka 2020 watafiti walikuta simu za bei nafuu zilizouzwa Misri, Ghana, Kamerun, Ethiopia na Afrika Kusini zikiwa na programu haribifu zilizoingizwa kabla hazijafika dukani, zikimla mwenye simu salio lake kimyakimya. Simu isiyopata masasisho haina wa kuitetea. Na mimi natunza pesa za watu.

Nimeamua kuhama. Nitaangalia jambo moja tu: nani anaendelea kutuma masasisho kwa muda mrefu. Google iliahidi miaka 7 kwa Pixel 8 mwaka 2023, Samsung nayo kwa Galaxy S24 mwaka 2024, lakini hizo bei zake si za mwalimu. iPhone 11 ilitoka mwaka 2019 na mpaka leo inapata mfumo mpya, na iliyotumika inapatikana mjini. Apple nao si malaika: mwaka 2017 walikiri kwamba walikuwa wakizipunguza kasi simu zenye betri zilizochakaa, na mwaka 2020 Ufaransa ikawatoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Nalijua hilo. Hata hivyo, miaka ni miaka.

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Mjini na mtoto wa dada. Yeye ana iPhone XR aliyoinunua mwaka ule kobalti ilipokuwa na bei, kwa hiyo anajua pa kukagua.

Duka la kwanza walitupatia iPhone 11 nyeusi, safi, bei ya kuvutia. Akaomba waifute yote na kuiwasha upya mbele yetu. Ikadai neno la siri la akaunti ya mtu mwingine. Muuzaji akasema ni kitu kidogo, kijana wake atakifungua kesho. "Mama mudogo, tuende," akasema, na tukaenda. Simu iliyofungwa hivyo, bila mwenyewe wa kwanza kuifungua, ni kioo na chuma tu, na huenda kuna mtu mahali fulani anaililia.

Duka la pili ilifunguka yenyewe. Kwenye mipangilio afya ya betri ni asilimia 84. Dola 220, baada ya maneno mengi. Pesa ya mashuka mapya imekwenda.

Jumapili, 6 Aprili 2025

Siku nzima imeishia kwenye uhamisho, na nauandika wote kwa sababu mama wawili tayari wameniuliza.

Meseji za WhatsApp zilizohifadhiwa kwenye akaunti ya Google hazifunguki kwenye iPhone. Njia ni programu ya Apple iitwayo Move to iOS, inayowekwa kwenye Android ya zamani. Tangu mwaka 2022 inaweza kubeba na WhatsApp. Masharti: simu mpya iwe haijaanza kutumika au ifutwe kwanza, namba ibaki ileile, zote mbili ziwe kwenye chaji, ziwe karibu.

Lakini simu ya zamani haikuwa na nafasi hata ya kuipokea programu ya kuitoa humo. Kwa hiyo tangu kanisani mpaka saa tisa nilikuwa nafuta. Video za mahubiri zilizotumwa na watu ishirini tofauti. Harusi ya Likasi, ambayo nakala yake anayo binamu. Picha za maua zenye kuandikwa "siku njema". Kila nilipofuta kumi, simu iliganda, nikangoja. Picha za kurasa za daftari la likelemba sikuzigusa, wala sauti za mama mwenyekiti akitangaza zamu, maana ndizo kumbukumbu zetu za mkutano.

Saa kumi ilikubali. Simu mpya ikaonyesha namba za siri, nikaziandika kwenye ya zamani, nikachagua ujumbe, picha, majina, WhatsApp. Mstari ukaanza kujaa. Nikawakataza watoto kupiga simu hiyo au kuigusa, kwa sababu ukitoka kwenye ukurasa ule kazi inakatika. Umeme ukaondoka mstari ukiwa umepita nusu. Simu zote mbili zikaendelea kwa betri zake, na ile ya zamani, ile iliyokufa, haikutetereka.

Usiku nimefungua WhatsApp kwenye iPhone. Kundi la likelemba lipo, na sauti zipo. Ujumbe wa M-Pesa wa ile Ijumaa upo pia, saa na kiasi, kama mwenzetu alivyosema. Nimempigia papo hapo. Alikuwa amelala, nikamwambia aamke asikie.

Jumatano, 23 Aprili 2025

Nilichopoteza, niseme ukweli. iPhone haina redio ya FM. Simu ya zamani niliisikilizia habari nikipika, kwa waya wa masikioni, bila kulipia mega hata moja. Nafasi ya kadi ya SIM ni moja, na hapa mtu mwenye mtandao mmoja ni mtu wa kupotea hewani, maana mmoja ukianguka unategemea mwingine. Menyu zangu zilikuwa za Kiswahili, sasa ni za Kifaransa. Kwangu si kitu, lakini mama mwenyekiti hakusoma Kifaransa, na kwenye ile ya zamani aliweza kukagua hesabu mwenyewe bila kuniuliza. Nimeanza tena kunakili kila mchango kwenye daftari ili alisome. Pengine daftari halikupaswa kuachwa kabisa.

Nilichopata: haijaganda. Ujumbe unafunguka nikiugusa.

Simu ya zamani niliifuta yote, nikatia kadi ya mtandao wa pili, na redio naisikiliza humo. Bila WhatsApp inakwenda vizuri sana.

Jumapili, 22 Juni 2025

Habari mbili zimefuatana. Tangu Ijumaa tarehe 20, sheria mpya ya Umoja wa Ulaya inadai kwamba simu inayouzwa huko iendelee kupata masasisho angalau miaka 5 tangu kiwanda kiache kuiuza. Na jana serikali yetu imerefusha katazo la kobalti kwa miezi 3 mingine.

Nimeitafakari ya kwanza kwa furaha na uchungu. Watunga sheria wa Brussels wameona kilekile alichokiona fundi wetu chini ya bati lake. Lakini sheria hiyo inamlinda mnunuzi wa Ulaya. Simu zinazoletwa Kolwezi kwa ajili ya Kolwezi hazimo. Naona serikali iliyoweza kusimamisha kobalti ya dunia kwa tangazo moja ingeweza pia kudai kwamba simu inayoingia hapa isiachwe na kiwanda ikiwa bado changa. Nchi inayotoa kobalti ina haki ya kudai hilo kuliko nchi yoyote. Nimewaambia wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na mmoja ameomba kuandika kazi yake ya kumalizia shule juu ya jambo hili.

Mtoto wa dada sasa anabeba mizigo sokoni. Hajauza mfuko wowote tangu Mei.

Alhamisi, 16 Oktoba 2025

Leo katazo limekwisha, mgawo umeanza: tani 18,125 kwa nchi nzima mpaka mwisho wa mwaka, halafu tani 96,600 mwakani na vivyo hivyo 2027. Migao inapewa makampuni. Wachimbaji wa Musompo wanangoja kuona nini kitawafikia.

Mtoto wa dada amekuja na XR yake. Mwezi uliopita Apple walitoa iOS 26. iPhone 11 yangu imeipata, XR imeachwa nje. Ametoka kwa mtu anayetaka kumbadilishia, aongeze dola 120 ambazo hana, akope. Nimemzuia. Nikamfungulia mipangilio, nikamwonyesha kwamba marekebisho ya usalama ya mfumo wake wa zamani bado yanakuja, na WhatsApp haijamkataa wala haitamkataa kesho. Tumekwenda kwa fundi, ambaye ameipima betri yake na kukuta imechoka kweli. Mpya ni dola 15. Ameilipia kwa zamu yangu ya likelemba, atanirudishia kidogo kidogo, nimeandika kwenye daftari.